Nyongo si uchafu wa kusafishwa

Dai linalowauzia watu chupa nyingi za dawa ni hili: nyongo ni uchafu, mwili usipooshwa utaugua. Si kweli. Ini hutengeneza chumvi za nyongo kutokana na kolesteroli, na bila hizo mafuta ya chakula hayameng'enywi vizuri. Tena mwili huzitunza kwa wivu. Mwisho wa utumbo mwembamba hufyonza takriban asilimia 95 na kuzirudisha kwenye ini zitumike upya, mara kadhaa kwa siku.

Basi, husema wengine, utumbo mpana hauna habari na nyongo. Unayo, na sana. Kiasi kidogo kinachoponyoka kikifika huko, bakteria hukigeuza. Asidi ya nyongo iitwayo koliki, kwa mfano, huwa deoksikoliki. Tafiti za panya zimeonyesha kwamba asidi hizi hugusa vipokezi viitwavyo TGR5, seli za utumbo zikamwaga serotonini, neva zikaamka na misuli ikajikaza kusukuma choo mbele. Papo hapo ukuta wa utumbo humwaga maji na chumvichumvi. Nyongo ikizidi huko, mtu anaharisha na haja humbana ghafla. Japani iliidhinisha mwaka 2018 dawa iitwayo elobixibat, inayozuia ule ufyonzaji ili nyongo zaidi ifike utumbo mpana, na wanaopewa ni watu wenye tatizo sugu la kufunga choo. Ingefanyaje kazi kama utumbo huo haujali nyongo?

Kwamba aliyetolewa mfuko wa nyongo hana tena nyongo, hilo halihitaji maneno mengi. Mfuko ni ghala tu, anayetengeneza ni ini.

Linaloniuma ni dai la mwisho, kwamba anayeharisha muda mrefu baada ya upasuaji huo lazima awe na amiba au taifodi. Anamaliza dozi moja ya antibiotiki, anaanzishiwa nyingine, na bado kila akila anatafuta choo kilipo. Maambukizi yapimwe, ndiyo, lakini nyongo nayo ifikiriwe, na pia kwa aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba. Ipo kolestiramini, unga unaokorogwa kwenye maji, unaozishika chumvi za nyongo zisiuchokoze utumbo. Daktari akiiandika, dawa nyingine zinywewe angalau saa moja kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye, kwa sababu unga huo huzishika nazo.