Juni ya wahasibu inajulikana tangu Januari

Kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu huisha Desemba 31 ina miezi sita ya kuwasilisha ritani ya mwisho kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Miezi hiyo hukatika Juni 30, siku ambayo awamu ya pili ya kodi ya makadirio nayo hutakiwa kuwa imelipwa. Kabla ya hapo, tarehe 7 kuna kodi za mishahara na tarehe 20 kuna ritani za VAT. Ndiyo maana mwisho wa Juni ofisi nyingi za uhasibu katikati ya jiji la Mwanza huwa na watu hadi usiku wa manane, na vijana hurudi Buhongwa, Igoma au Kisesa kwa bodaboda kwa kuwa daladala zimeshalala.

Hakuna hata moja kati ya tarehe hizo inayomshtukiza mhasibu. Zote zimo kwenye kalenda tangu Januari. Ofisi inayoita kukesha kwa Juni dharura inawaonea wafanyakazi wake.

Chanzo kikubwa cha kukesha huko kinafahamika na kila aliyewahi kukalia kiti cha uhasibu: mteja. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, mwenye mabasi, mwenye duka la vipuri, wote huleta risiti na taarifa za benki zikiwa zimebaki wiki mbili, nyingine zikiwa bado kwenye boksi bila mpangilio. Mwenye ofisi huzipokea kwa shukrani kwa sababu anahofu kwamba akikataa, mteja atavuka barabara kwenda kwa mshindani. Na ada? Ilikubaliwa miezi mingi nyuma, kwa bei iliyobanwa ili kazi isiponyoke, wala haikuhesabu usiku hata mmoja. Punguzo alilopewa mteja linalipwa na usingizi wa mkaguzi msaidizi mwenye umri wa miaka 24.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Muda wa ziada unahitaji makubaliano, usizidi saa 50 katika wiki nne, na ulipwe mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Hata ukijumlisha huo wa ziada, siku ya kazi isipite saa 12. Mjamzito haruhusiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na anayenyonyesha anastahili hadi saa mbili kwa siku za kumhudumia mtoto ndani ya muda wa kazi. Likizo ni siku 28, na mwajiri hatakiwi kumfanyisha kazi mtu aliye likizoni, iwe ofisini au kwa ujumbe wa WhatsApp.

Mlango mmoja uko wazi. Kanuni za saa hazimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Cheo cha umeneja kikigawiwa kwa mtu asiyemsimamia yeyote, kinabaki kuwa njia ya kumnyima malipo ya muda wa ziada, na wakaguzi wa kazi wanapaswa kulitazama hilo kwa jicho kali.

Kinachoumiza zaidi hakiandikwi kwenye mkataba. Anayeondoka saa kumi na moja jioni husindikizwa na macho. Anayelala ofisini hutajwa kwenye kikao cha Jumatatu kama mfano wa kuigwa, na hakuna anayeuliza kazi yake ilikuwa na makosa mangapi. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) ya Mei huwakuta vijana msimu ukiwa umepamba moto, kisha ofisi hiyohiyo huwauliza kwa nini CPA inachelewa.

Mwaka 2024, huko Pune, India, mhasibu wa miaka 26 aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya uhasibu ya EY kwa miezi minne tu alifariki dunia. Mama yake alimwandikia barua mwenyekiti wa kampuni hiyo nchini humo akieleza kwamba mwanawe alielemewa na kazi. Uongozi ulikana kwamba kazi ndiyo iliyomuua, lakini barua ile ilisomwa na wahasibu dunia nzima, na wengi walijiona ndani yake.

Dawa ipo jirani kuliko Pune. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku kwa taa, na kazi yao huwa nzito mno mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, nao hupumzika, hushona nyavu, huonana na watoto wao. Sheria ileile ya 2004 inaruhusu mpangilio wa namna hiyo ofisini: mkataba wa hali bora za kazi unaweza kusawazisha saa katika kipindi kisichozidi mwaka mmoja, ili mradi wastani usipite saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Juni ikiwa nzito, Julai na Agosti ziwe nyepesi, kwa maandishi. TUICO, chama cha wafanyakazi ambacho wigo wake unagusa huduma na ushauri, kingefanya jambo la maana kulifikisha suala hili kwa ofisi za Mwanza.

Ofisi yenye watu sita na isiyo na chama nayo haijafungwa mikono. Barua ya makubaliano na mteja iseme kwamba nyaraka zitakazoletwa baada ya Aprili 30 zitatozwa ada ya juu, na nyongeza hiyo iende kwa watakaokesha. Mteja aliyechelewa kupindukia aombewe TRA muda zaidi kwa maandishi, mapema, kwani sheria ya kodi inatoa nafasi hiyo. Saa halisi ziandikwe, zikiwemo zile ambazo mteja hatalipia; bila hizo mwenye ofisi hawezi kujua kazi ipi inamtia hasara. Na Juni ileile, ngoma za Bulabo zinapochezwa Bujora, kila mfanyakazi apate walau siku moja ya kwenda na familia yake kuwaona Bagalu na Bagika, makundi ya ngoma ya Wasukuma.

NBAA nayo ina sehemu yake. Bodi hupitia ubora wa kazi za ofisi za ukaguzi, na inaweza kuanza kuuliza majalada ya kazi hizo yalifanywa na watu wangapi, kwa saa ngapi, na usiku mara ngapi. Benki inayokopesha kiwanda cha minofu ya sangara inategemea saini ya mkaguzi iliyo chini ya hesabu za kiwanda hicho. Aliyezihakiki saa nane za usiku, siku ya nne mfululizo, anaweza kupitwa na sifuri moja asiione.