Kikohozi cha babu na kazi aliyoiacha zamani

Ushongo nyumba zimeezekwa kwa makuti na bati, hivyo ni rahisi mzazi wa huko kudhani habari za asbesto hazimhusu. Lakini watu wa pwani hawakukaa kijijini miaka yote. Wapo waliokwenda melini, bandarini, kwenye ujenzi. Katika meli za zamani, mabomba na boila za chumba cha injini zilizungushiwa asbesto kuzuia joto, na aliyezitengeneza alivuta vumbi lake.

Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zikiingia mapafuni hubaki humo, na saratani inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 40 au zaidi. Kijana wa mwaka 1980 leo ni babu, na kazi ile hata wajukuu hawaijui.

Dalili zake ni zile zile za kila siku: pumzi kukata, kikohozi kisichoisha, maumivu ya kifua upande mmoja, kukonda. Nyumbani watasema TB, na hawajakosea, kwani ndiyo ya kupimwa kwanza. Tatizo ni pale makohozi yanapokutwa hayana vimelea, au dawa zimemezwa mpaka zikaisha, na mgonjwa bado anahema, halafu kila mtu ananyamaza.

Hapo anatakiwa kurudi hospitali. Eksirei inaweza kuonyesha maji yaliyojaa kando ya pafu. Maji hayo hunyonywa na kupimwa, ila majibu yakiwa safi si uthibitisho kwamba saratani haipo. Kwa saratani ya utando wa mapafu, iitwayo mesotelioma, mara nyingi jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama kidogo cha utando huo kinachopimwa maabara. Kutoka Ushongo hiyo ni safari: kuvuka mto hadi Pangani mjini, kisha Bombo, Tanga, na pengine Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli inauma.

Kisichogharimu kitu ni kumweleza daktari mapema: mzee alifanya kazi gani, wapi, miaka mingapi, na kama alivuta sigara, maana sigara na asbesto vikikutana hatari ya saratani ya mapafu huongezeka sana. Bibi naye aulizwe. Kama ndiye aliyekuwa akikung'uta na kufua nguo za kazi za mumewe, vumbi lile alilivuta pia.