Hajamaliza si Hakumaliza

Tunashikilia kwamba kiambishi -ja- hufundishwa vibaya kinapotajwa tu kuwa ukanushi wa -me-, kisha somo likasonga mbele. Tuchukue kazi ya kudarizi. Mdarizi wa Nyanza-Lac huweza kuwa na foronya mbili, kitambaa cha meza na, pembeni, kofia ya viua kama zile za Zanzibar, ambayo kila kitundu chake huzungushiwa uzi kwa mkono kwa majuma kadhaa. Akichoshwa na vitundu, hushika foronya. Uzi wa rangi ukimwishia, huirudia kofia. Tukisema "hakumaliza kofia", tumeifunga kazi na kumhukumu mwenyewe. "Hajamaliza kofia" huiacha sindano kitambaani. Jedwali la nyakati, tunavyoona sisi, haliwezi kuidhihirisha tofauti hiyo. Kapu la mdarizi laweza.

Jambo hili si dogo darasani. Mwalimu anayeandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi "hakuelewa ngeli", ilhali muhula ungali unaendelea, ameteua kiambishi. Wazazi wengi wa mwambao huu walikulia Tanzania, baada ya familia zao kukimbia mwaka 1972. Watakisoma kiambishi hicho kama kilivyo.