Zimwi Lina Nafasi Yake Katika Michezo ya Watoto

Kila inapofika sikukuu, ya Idi el Fitri na ya Idi el Haji, viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake hufurika. Watoto huja na nguo mpya na mkono wa Idi mfukoni, na wazee wao huja nyuma yao. Ni fahari ya visiwa hivi kwamba furaha ya mtoto haikuachwa iwe mali ya wenye nacho peke yao. Lakini kiwanja si mahali pa kupitishia wakati tu. Ni skuli ya namna yake, na kila skuli ina mafunzo yake, hata kama hayakuandikwa popote. Kwa hiyo swali tunaloliuliza leo si dogo: je, michezo tunayowawekea watoto wetu iwe na maadui na nyakati za kutisha, au iwe furaha tupu tangu mlango wa kuingilia hadi wa kutokea?

Swali hili limebishaniwa kwa muda mrefu huko Marekani, ambako michezo ya namna hii ilikuzwa ikawa biashara kubwa. Hata hivyo si lao peke yao. Mashine za michezo, picha zake na visa vyake huuzwa dunia nzima, na anayenunua mashine hununua pamoja nayo fikra za aliyeitengeneza. Ni vyema basi tukatazama wenzetu wamefanya nini kabla hatujaamua la kwetu.

Walt Disney alipofungua bustani ya Disneyland huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, mmojawapo wa michezo yake ulikuwa jumba la giza lenye vigari vinavyopita juu ya reli, likisimulia kisa cha Snow White, binti wa mfalme anayewindwa na mama yake wa kambo kwa husuda. Waliolitengeneza walikusudia kuwa mgeni aliyemo garini ndiye awe huyo binti. Kwa sababu hiyo binti mwenyewe hakuonekana humo ndani. Aliyeonekana ni ajuza mwenye tofaa la sumu, akimjia mgeni uso kwa uso. Wageni wengi hawakufahamu, wakawa wanauliza binti yuko wapi. Jumba lilipojengwa upya mwaka 1983 sanamu yake ikatiwa. Jumba kama hilo lililofunguliwa Florida mwaka 1971 lililainishwa mwaka 1994, na mwaka 2012 likafungwa. Lile la California lilitengenezwa tena mwaka 2021, likapewa jina la upole zaidi na mwisho wa furaha zaidi, ingawa ajuza hakutolewa.

Wako pia waliovuka mpaka upande wa pili. Mwaka 1995, katika bustani hiyo ya Florida, ulifunguliwa mchezo ambao wageni walifungwa vitini ndani ya giza, wakasikizishwa pumzi za kiumbe kutoka sayari nyingine zikiwapitia shingoni. Watoto wengi walitoka wakilia, na wazee wakalalamika. Mwaka 2003 mchezo huo ukafungwa.

Mabishano mapya yalizuka mwaka 2024, bustani hizo zilipofungua mchezo wa Tiana, binti mweusi wa New Orleans aliyetokea katika filamu ya mwaka 2009. Katika filamu hiyo yumo adui, Dk. Facilier, mganga mlaghai anayewanasa watu kwa ahadi tamu. Katika mchezo hayumo. Wageni hupanda mitumbwi ya magogo, huwatafuta wanamuziki kwa ajili ya karamu, kisha mtumbwi huporomoka kiasi cha mita 15 majini. Baadhi ya waliopanda walifurahi, na baadhi wakauliza: tunaporomoka kwa sababu gani, ikiwa hakuna tunayemkimbia?

Mchezo huo umekalia mahali pa mwingine, uliofunguliwa California mwaka 1989 na Florida mwaka 1992, na ambao uliegemea filamu ya mwaka 1946 iliyolaumiwa, na kwa haki, kwa kuyapamba maisha ya watu weusi katika mashamba ya mabwana wa Kusini. Kuiondoa filamu hiyo lilikuwa jambo jema, na sisi hatuililii. Lakini tuangalie ni nani aliyekuwa ndani ya mchezo ule wa zamani: alikuwa sungura, akiwindwa na mbweha na dubu. Amekamatwa, anawasihi adui zake wamfanye lolote ila wasimtupe katika miiba. Nao, kwa ukatili wao, wanamtupa humo humo, kumbe miibani ndiko alikozaliwa. Kule kuporomoka kwa mtumbwi ndiko kutupwa kwake miibani, na ndiko kuokoka kwake.

Sungura huyu tunamjua. Hakuzaliwa katika filamu, wala hakuzaliwa katika vitabu vya Joel Chandler Harris, aliyezikusanya hadithi hizo kutoka kwa Wamarekani weusi na kuanza kuzitoa kitabuni mwaka 1880. Alivuka bahari vifuani mwa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Sungura wa kwetu naye, akishikwa na simba, humfundisha simba namna ya kumuua, na katika kufundishwa huko huponyoka. Mtumwa hakumsimulia mwanawe kisa cha sungura ili amlaze usingizi tu. Alimsimulia ili ajue kwamba mwenye nguvu yupo, na kwamba mnyonge mwenye akili aweza kumshinda. Mwondoe simba katika kisa hicho, na sungura atakuwa mnyama mwenye masikio marefu basi.

Msimamo wetu, kwa hiyo, ni kwamba adui ana nafasi yake katika michezo ya watoto, na kumfukuza ni kuwapunja. Wazee wetu hawakuona haya kulitaja zimwi mbele ya watoto. Katika hadithi alizozisikia hapa Unguja Edward Steere, na zikachapishwa London mwaka 1870, imo ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka alikula mnyama wa kufugwa, watu wakashtaki, Sultani akasema paka ni wake na mnyama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watu. Jawabu likawa lile lile, mpaka siku aliyowala watoto wa Sultani mwenyewe ndipo ilipojulikana kuwa huyo si paka tena, ni Nunda mla watu. Aliyemwua hakuwa shujaa mwenye kujisifu. Alikuwa kijana mdogo aliyezoea kukaa jikoni, ambaye kila mnyama aliyemwua aliambiwa kuwa siye, naye hakukata tamaa mpaka akampata aliye ndiye.

Ni hadithi ngapi za furaha tupu zinazoweza kumfundisha mtoto hayo: kwamba uovu huanza mdogo, kwamba mkubwa anayeufumbia macho huulea, na kwamba subira ya mdogo aweza kuumaliza? Nasi tuliokabidhiwa dhamana za watu tungefaa kuisikiliza pamoja na watoto.

Na wanaodhani kuwa mambo haya ni ya ngano tu, wakumbuke visa wanavyofundishwa watoto katika vyuo vya Kurani. Mwondoe Firauni katika kisa cha Nabii Musa, na kitakachobaki ni kikapu juu ya mto. Waondoe ndugu wenye husuda katika kisa cha Nabii Yusuf, na hapana kisima, hapana gereza, hapana msamaha. Mtoto hajui uzito wa msamaha kama hajui kilichosamehewa.

Aidha, hatari za leo hazimjii mtoto na pembe. Humjia kama papa alivyomjia kima katika hadithi yetu nyingine: rafiki wa kila siku, mwenye shukrani na mwaliko mzuri wa kutembea kwao, na katikati ya bahari ndipo anaposema kuwa moyo wa kima unatakiwa kwa dawa. Leo papa huyo yumo katika simu, anaahidi zawadi, kazi na safari. Mtoto aliyekwisha kumwona papa kiwanjani, akamcheka na kumzomea, amepata mazoezi ya kumtambua atakapokutana naye pasipo na taa wala tiketi.

Tunajua wako watakaotupinga kwa kusema kuwa hofu hudhuru. Hawakukosea kabisa, na visiwa hivi vina ushahidi. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulianzia Pemba ukafika Unguja. Watu wazima walikesha nje ya nyumba zao wakiwa makundi makundi, na mtu asiye na hatia akauawa kwa kushukiwa. Lakini tutofautishe hofu na hofu. Ile haikuwa na mwanzo uliojulikana wala mwisho uliotarajiwa, na kila jirani aliweza kutiliwa shaka. Hofu ya hadithi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mtoto huipitia akiwa ameshika mkono wa mzee wake. Ya kwanza huwatenga watu, ya pili huwazoesha ushujaa.

Hapa ndipo tunapotaka wahusika wawe macho zaidi. Jambo la kuchunguza si kama adui awepo tu, bali ni adui gani. Yule ajuza wa jumba la Snow White, huko kwao ni mchezo. Katika nchi yetu, ambamo vikongwe katika baadhi ya mikoa ya Bara wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, sanamu ya bibi kizee mchawi si mchezo hata kidogo. Wala adui asitambulishwe kwa rangi yake, kabila lake, kisiwa chake au kilema cha mwili wake. Mtoto afundishwe kuogopa tendo, si sura ya mtu. Nunda, papa na zimwi wana fadhila hiyo: hawafanani na jirani wa mtu yeyote.

Tunapendekeza basi yafuatayo. Kwanza, wanaosimamia viwanja vyetu wajenge, hata kwa udogo, jumba la hadithi zetu wenyewe. Halihitaji fedha nyingi za kigeni. Mbao, vitambaa, rangi na taa chache, pamoja na mikono ya wachoraji na mafundi wetu, vinatosha kumweka Nunda kizani na kijana wa jikoni mlangoni. Pili, adui ashindwe kila mara, na ashindwe mbele ya macho ya mtoto. Tatu, mlangoni paandikwe wazi kilichomo ndani na umri unaofaa, na mtoto asiyetaka asilazimishwe wala asichekwe. Nne, mashine zikaguliwe kabla ya kila sikukuu. Mtoto na amwogope Nunda. Asiwe na sababu ya kuogopa nati iliyolegea.

Walimu wa skuli na wa vyuo, masheha na wazee wote wana sehemu yao katika kazi hii, kwani jumba halitasimulia lenyewe ikiwa nyumbani hadithi zimenyamaza. Tukiwaachia watoto wetu furaha isiyo na adui, tutakuwa tumewalea kwa ajili ya dunia isiyokuwepo. Wakutane na zimwi mapema, mbele yetu, mahali ambapo sungura hushinda.