Vijana wa Pemba, hii ndiyo meli ya kuzamia

Mashabiki waliopanda boti Januari 2025 kwenda kuishuhudia Zanzibar Heroes ikiichapa Burkina Faso mabao 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi, wengi waliteremkia Mkoani, wakakimbilia magari ya Chake Chake kuwahi Gombani. Wachache walijua kwamba kusini ya bandari ile, upande wa Kisiwa Panza, kuna uwanja mwingine. Huo upo chini ya maji.

Ni meli ya mizigo ya Wagiriki, Paraportiani, iliyozama mwishoni mwa miaka ya 1960. Chuma kikikaa baharini nusu karne kinageuka mtaa. Mwani hushika kwanza, yakafuata matumbawe laini, samaki wadogo wakapata pa kujificha, kisha chewa naye akahamia, ametulia kama beki mkongwe ndani ya boksi. Mombasa walikitaka kitu hicho mpaka mwaka 2002 wakaizamisha kwa makusudi MV Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, nje ya Bamburi. Pemba imepewa bure.

Sasa nani anacheza kwenye uwanja huo? Wageni. Kijana wa kisiwani mara nyingi anabeba mitungi ya hewa, anashika mashine ya boti, halafu anakaa juu kuwasubiri. Na huyo ni mtu ambaye tangu utotoni anazama kwa pumzi moja kutafuta pweza! Ni sawa na kumchukua straika wa mabao 20 ukamfanya muokota mipira. Matokeo yake, ukimwambia kijana habari za kuzamia meli, anafikiria kujificha ndani yake aende Ulaya.

Wanaopata mtungi bila kufundishwa, wengi ni kwa ajili ya majongoo bahari, na huko siyo mchezo. Kila mita 10 kwenda chini mgandamizo unaongezeka. Aliyekaa sana kwenye kina akipanda haraka, naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Wapo waliopooza hivyo, wakiwa bado vijana.

Watakaosema hili siyo la kurasa za michezo wajue kwamba shirikisho la dunia la michezo ya chini ya maji, CMAS, linatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Lakini kuna zaidi ya michezo. Usiku wa Septemba 10, 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, boti za wavuvi na za wapiga mbizi wa Nungwi zilikuwa miongoni mwa zilizookoa watu. Wazamiaji walioletwa baadaye kutoka Afrika Kusini walishindwa na kina. Hakuna kozi ambayo ingewafikisha vijana wa Pemba kule chini, ni kweli. Ila Nungwi ilikuwa na boti na watu wanaoijua bahari kwa sababu kazi hiyo ipo kwao kila siku.

Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar lianze hata na vijana 10 wa Panza, Makoongwe na Mkoani. Mwalimu mmoja, boti moja, na mwisho wa kozi cheti kinachotambulika duniani, siyo kile cha semina ya siku mbili.