Tezi dume siyo jina la ugonjwa

Jamani, tuanze na hili: kila mwanaume ana tezi dume. Baba yako anayo, daktari anayo, hata sisi vijana wa kiume wa kikundi hiki tunayo. Ni tezi ndogo chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo, na inatengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Lakini huku kwetu mtu akisema "mzee fulani ana tezi dume," watu wanaanza kuchanga pesa za msiba.

Tunaandika kwa sababu tumekosea. Tukisindikiza wazee kutoka Gorom kwenda hospitali mjini Juba, sisi ndio wakalimani. Daktari anasema Kiingereza, muuguzi anaongeza Kiarabu cha Juba, sisi tunamalizia kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliambiwa PSA yake iko juu, arudi kupimwa zaidi. Mmoja wetu akatafsiri: "Baba, wamekuta kansa." Mzee akashukuru, akavaa kofia yake, na tangu siku ile hataki kurudi. Anasema kama ni kifo, atakisubiri nyumbani.

Kumbe PSA ni protini tu inayotoka kwenye ile tezi, inapimwa kwa damu. Inaweza kupanda kwa kansa, ndiyo. Inapanda pia tezi ikikua kwa uzee, ikipata maambukizi, au mtu akiwa ametoka kuwekewa mpira wa mkojo. Kwa kawaida kinachothibitisha kansa ni biopsi, yaani kuchukua vinyama vidogo vya tezi na kuviangalia kwa hadubini. Hayo yote tuliyaruka kwa neno moja. Na tuseme ukweli, aibu nayo ilichangia: kijana kumuuliza mtu wa umri wa baba yake habari za mkojo si mchezo, unataka umalize haraka.

Halafu kuna alama za Gleason. Sisi tuliozoea maksi za shule, tukisikia 9 kwa 10 tunapiga makofi, na hapo ndipo pabaya. Siku hizi kansa ya tezi dume inaanzia 6, ambayo mara nyingi hukua polepole, mpaka 10. Tena Gleason inaeleza ukali wa seli. Hatua ya ugonjwa ni jambo lingine: kansa bado iko ndani ya tezi, au imeshafika mifupani? Na neno "pozitifu" ndiyo usiseme kabisa, kambini watu wanasikia ukimwi moja kwa moja.

Ndugu zetu wa mashirika, mnatupa fulana na semina ya kunawa mikono, kisha mnatukabidhi siri ya mwili wa baba wa watu. Tupeni saa mbili na daktari atufundishe haya maneno. Na daktari mwenyewe atuulize: "Umemwambia nini?"

Kesho tunaenda tena kwa yule mzee. Tumeandika kwenye karatasi la kumwambia: damu imeonyesha kitu cha kuchunguzwa, bado hakijajulikana ni nini, na tuliosema kansa ni sisi, siyo daktari.