Ukinunua Chakula Kikavu cha Mbwa, Usiishie Mstari wa Kwanza

Leo naweka kuku pembeni kidogo, naongelea mbwa wanaowalinda hao kuku.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai. Ana mbwa mkubwa wa kulinda mabanda usiku, na amenunua mtoto wa miezi mitatu aje kumsaidia. Akanitolea mfuko wa chakula kikavu aliochukua mjini, mbele una picha ya paja la kuku, bei imesimama kwelikweli. "Afisa, ona mwenyewe, kiungo cha kwanza nyama ya kuku. Si ndo ubora wenyewe huo?" Nikamwambia geuza, tusome wote. Kijana huyuhuyu akienda kununua chakula cha kuku anauliza protini, anatafuta tarehe, anachota kiganjani na kunusa. Cha mbwa kanunua picha. Wala simcheki, wengi wetu tuko hivyo.

Mimi naona orodha ya viungo tunaiamini kupita kiasi. Inasaidia, ila ina mitego, na wanaoiandika wanajua kabisa kwamba mteja anasoma mstari mmoja.

Mtego wa kwanza ni maji. Viungo hupangwa kwa uzito wake vikiwa bado havijapikwa. Nyama mbichi ya kuku karibu asilimia 70 ni maji, kwa hiyo kilo 10 zikikaushwa zinabaki kilo 3 hivi. Mahindi yenyewe yanaingia kiwandani yakiwa makavu. Nyama iliyoandikwa ya kwanza inaweza kabisa kuwa ya tatu ndani ya punje unazomwagia mbwa. Kumbe "unga wa nyama ya kuku", ambao watu wanaudharau, ni nyama iliyokwisha kupikwa, kukamuliwa mafuta, kukaushwa na kusagwa. Kilo moja ya huo ina protini nyingi kuliko kilo ya nyama mbichi.

Mtego wa pili ni kugawa kiungo. Utasoma nyama, halafu mahindi, halafu pumba za mahindi, halafu gluteni ya mahindi. Jumlisha hayo mahindi yote kichwani uone nani wa kwanza. Pia angalia kama mnyama ametajwa. "Unga wa nyama ya kuku" unakuambia kitu, "mazao ya wanyama" peke yake haikuambii. Ila utumbo, maini na figo visikutishe, ni chakula kizuri, na sisi wenyewe tunavigombania sokoni.

Protini nayo ina hadithi yake. Maabara kwa kawaida haipimi protini yenyewe, inapima naitrojeni halafu inazidisha kwa 6.25. Chochote chenye naitrojeni kinahesabiwa. Mwaka 2007 huko Marekani mifuko na makopo mengi ya chakula cha mbwa na paka yalirudishwa kutoka madukani, baada ya kugundulika kuwa gluteni ya ngano iliyotoka China ilikuwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni nyingi. Kwenye vipimo ilisoma kama protini, kwenye figo za wanyama ilikuwa balaa. Namba kwenye mfuko ni ya kuamini kadiri unavyomwamini aliyetengeneza.

Sasa mahindi. Siku hizi kuna vijana wanasema chakula chenye nafaka siyo cha mbwa. Sikubaliani nao. Mbwa siyo mbwa mwitu, ameishi na binadamu miaka maelfu, na utafiti wa vinasaba uliotoka 2013 ulionesha ana nakala nyingi zaidi za kinasaba cha kumeng'enya wanga. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza inachunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa, na vyakula vingi vilivyotajwa ni hivyohivyo visivyo na nafaka, vilivyojazwa njegere na dengu. Jibu la mwisho halikupatikana, lakini mtu asikuuzie "bila nafaka" kwa bei ya juu kama vile ni dawa.

Kinachonitia hofu mimi ni mahindi mabovu. Tuna tabia, mahindi yakiota kuvu tunasema wape mbwa. Sumukuvu haibagui. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Marekani mwishoni mwa 2020 chakula kikavu cha mbwa chenye sumukuvu kiliingia sokoni, na vifo vilivyoripotiwa vilizidi 110. Moto wa kiwandani hauimalizi, na kwa macho huioni. Mbwa akikataa chakula, akatapika, akalegea, fizi zikawa za njano, acha kumlisha chakula hicho, mpeleke kwa daktari wa mifugo na mfuko uende nao. Na kama wewe ndiye unayechanganya chakula cha mbwa uuze, kama nilivyoona wawili watatu wameanza, mahindi ya chenga na ya kuvu usiyageuze mtaji.

Mimi mwenyewe nilishapigwa. Duka moja lilikuwa linapima kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, nikaona nafuu, nikachukua kilo tano. Kilikuwa kinanuka mafuta ya kukaangia yaliyolala. Mbwa akala siku mbili, ya tatu akageuza kichwa, tumbo likamharibika. Tarehe sikuiona kwa sababu mfuko sikuuona. Viungo vilikuwa vizuri tu siku kilipotoka kiwandani, nadhani. Tangu hapo nanunua mfuko uliofungwa, mdogo wa kuisha ndani ya mwezi mmoja au mwezi na nusu, na nauacha humohumo ndani ya mfuko wake, mbali na joto la bati.

Turudi kwa kijana wangu. Mfuko ulisomeka protini 20, mafuta 10, nyuzi 4, unyevu 10, majivu 8. Jumla 52. Zinazobaki 48 ni wanga, namba ambayo haikuandikwa popote, chini ya picha ya paja la kuku. Kwa mbwa mzima siyo vibaya. Tukatoa unyevu, 20 kwa 90, tukapata protini asilimia 22.2 ya chakula kikavu. Viwango vya AAFCO vya Marekani vinataka angalau 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa anayekua. Halafu pale chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na tochi ya simu, tukakuta sentensi niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo: chakula kamili kwa ajili ya mbwa wazima.

"Sasa huyu mdogo?" akaniuliza. Alikuwa ameshamlisha wiki tatu. Mfuko tukamwachia mkubwa, na jioni ile akapanda bodaboda kwenda kutafuta ulioandikwa wa mbwa wanaokua, safari hii akianza kusoma kwa nyuma.